Kitenge Kimoja, Majina Mawili

Katika soko la Kampemba kitenge kisicho na jina hakinunuliwi. Wanawake watakishika, watakinusa, watakinyoosha juani waone kama rangi itadumu, kisha watauliza, "Hii inaitwa namna gani?" Muuzaji akijibu kwamba hajui, wanakikunja wenyewe kwa heshima na kwenda meza nyingine. Mwanamke atavaaje kitu kisichosema? Mume akichelewa kurudi, mke anajifunga kitenge fulani, na mume anajua ameshtakiwa kabla hajavua viatu. Kuna mawifi waliogombana miaka na miaka bila kutukanana hata mara moja. Walivaa tu.

Aliyetoa majina hayo alikuwa Mama Ngalula. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa na ulimi, basi. Baba yake, mtu wa Kasai, alikuja Lubumbashi na kalamu mfukoni akapata kazi ya ukarani, akamsomesha binti yake hadi diploma ya ualimu. Ngalula alifundisha kidogo, akachoka kufundisha watoto wa watu kwa ahadi ya mshahara, akahamia kwenye vitenge. Ualimu haukumtoka. Mteja akisema neno vibaya alisahihishwa kwanza, ndipo akapimiwa.

Majina yenyewe yalitoka redioni. Mumewe, Papa Ephraïm, aliwasha redio kila asubuhi wakati wa kunyoa ndevu, na dunia nzima ikapita chumbani mwao ikigombana. Ngalula alichemsha chai huku sikio liko kule. Alichokisikia asubuhi, mchana kilikuwa kiunoni mwa mtu.

Kile kitenge chenye mistari inayokatika kila baada ya shubiri moja alikiita Seselefe, kwa kuwa ndivyo zilivyo hizo seselefe zao za kusimamisha vita: unaanza kuufuata mstari, mara umekatika. Kilichobadilika rangi kila kikifuliwa alikiita Ushuru ya Amerika. Unalala ni chekundu, unaamka ni cha pinki, na hakuna aliyekuuliza maoni. Chenye wadudu wa macho makubwa kikawa Drone ya Wifi. Na serikali ilipoifungia kobalti isitoke nchini, kisha ikairuhusu itoke kwa kipimo, Ngalula alichukua kitenge chenye vikombe vilivyojaa nusu na kukibatiza Kota. Wake za wachimbaji walikigombania. Inasemekana walijifunga usiku na kuwaambia waume zao kwamba kuanzia leo na wao wana kota. Sikuwapo, lakini naamini.

Meza iliyopakana na yake ilikuwa ya Mama Constance, muuza nyuzi, vifungo, lastiki na zipu. Ukinunua kitenge kwa Ngalula, unageuka tu, unapata uzi wa rangi yake kwa Constance. Constance alimzidi Ngalula umri kidogo, kwa hiyo Ngalula alimwita Yaya, dada mkubwa. Alikuwa Mkatoliki wa ukoo wa kaskazini mwa Katanga, binti wa mtu wa reli, mwanamke mpana, mtulivu, asiye na maneno mengi. Ila kucheka alijua. Kila jina jipya Ngalula alilijaribu kwanza kwa Constance. Kama Constance hakucheka, jina lilitupwa.

Wawili hawa walitofautiana jambo moja tu. Constance alikuwa makamu wa rais wa akina mama wa chama cha Jembe kule Katuba alikokaa, na Jembe walikuwa wapinzani. Ngalula hakuwa na chama. Alikuwa akisema chama kikikupa kofia ya bure kinataka kichwa.

Sasa, mwaka huo Ngalula alinunua balo moja la vitenge lililopitia mpakani Kasumbalesa, akalinunua limefungwa, bila kuona ndani. Alipolifungua alinyamaza, jambo lisilokuwa la kawaida yake. Kitambaa kilikuwa kizuri, buluu iliyokolea. Lakini katikati, kila mahali, kulikuwa na kiti cha kifahari cha manjano, na miguu ya kile kiti ilikuwa imeota mizizi inayotambaa huku na huku. Mchoraji huko Uchina sijui alikuwa akiwaza nini. Labda alikuwa na njaa. Wanawake walikitazama, wakacheka, wakakiita kiti cha muhogo, wakapita. Balo likakaa.

Nchi nayo ilikuwa ikibishana juu ya kiti. Wengine walitaka katiba iguswe ili aliyekaa aendelee kukaa, wengine walisema haiguswi ng'o. Watu waliokula sahani moja walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni. Ndipo Madame Chancelvie akaingia sokoni.

Chancelvie alikuwa kijana bado, rais wa akina mama wa chama cha Taa, wanaotawala. Aliegesha gari mbele ya meza ya muuza nyanya kana kwamba nyanya zilikuwa zimemwalika. Alitaka sare ya tarehe nane Machi, siku ya wanawake, kwa ajili ya maandamano ya mjini.

"Mama Ngalula, mi nataka kitenge yenye iko na message," alisema. "Haiko bile bya maua. Maua haisemake kintu."

Ngalula aliutia mkono ndani ya balo. "Présidente, angalia muzuri. Hii kiti iko na nini ku miguu?"

"Mizizi."

"Voilà. Njo inaitwa Kiti Inashika. Sawa muhogo: unapanda kamuti, bantu banacheka ile kamuti, kumbe chini inakwisha kushika. Nani atakuya kuing'oa?"

Chancelvie alikitazama kiti. Machoni mwake kilianza kupendeza. Alichukua zaidi ya nusu ya balo, na alipokuwa akiondoka alikuwa tayari akiliimba jina: inashika, inashika.

Constance hakuwapo siku hiyo. Alikuwa Likasi, kwenye matanga ya shangazi yake. Alirudi wiki iliyofuata, akakaa mezani pake, akavuta pumzi, akamgeukia rafiki yake.

"Ngalula, bamama ba Jembe banatafuta uniforme ya huit mars. Haiko ya défilé, ile ya kutembea ku ville. Siye hatuende ku défilé yabo, tunaigomea. Kisha misa tutakula pamoja ku Katuba. Lakini banataka kitenge yenye inauma."

Hapa mtu mwenye akili angesema: Yaya, hakuna. Mtu mwenye akili nusu angesema: Yaya, kuna hiki, lakini watu wa Taa wamekwisha kukichukua. Ngalula alikuwa na akili yote, na ndiyo iliyomponza. Alipiga hesabu haraka. Hawa watakuwa mjini, hawa watakuwa Katuba, watakutana wapi? Na ulimi ulikuwa umeshaanza kumwasha.

"Iko, Yaya," alisema. Alikikunjua kile cha buluu. "Hii inaitwa Kiti Haiko Kitanda: kiti si ya kulala. Muntu anakalaka mu kiti, kisha anasimama, mwenzake anakala. Huyu analala ndani mpaka anaota mizizi!"

Constance alicheka mpaka sahani ya vifungo ikamwagika. Aliviokota huku bado mabega yanatikisika. Kisha akawa makini, kwa kuwa alikuwa mtu makini.

"Na hii haukuuzishe kwa bantu ba Taa? Sababu mi njo nitasimama mbele ya bamama kusema iko yetu siye tu."

"Hii jina, Yaya? Kwa muntu ata moja sijaisema."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana ulikuwa uongo mkubwa kiasi kile. Constance aliulizia kitenge, Ngalula akajibu juu ya jina. Hapo ndipo unapoona hasara ya kuwasomesha watu ualimu. Constance aliridhika, akachukua vitenge vilivyobaki isipokuwa fungu dogo, na Katuba nzima ikaanza kushona.

Ngalula alilala vizuri wiki hizo. Angeendelea kulala vizuri kama si wakubwa wa dunia.

Maana wakubwa wa dunia, wale wanaoitaka shaba na kobalti yetu lakini hawapendi kelele karibu nayo, walikuwa wamechoka na ugomvi wa Taa na Jembe. Waliwaita viongozi wa vyama huko ng'ambo, wakawafungia hotelini na chakula kizuri, wakawaambia hamtoki mpaka mkubaliane. Siku chache kabla ya tarehe nane, Papa Ephraïm alitoka chumbani mbio, upande mmoja wa kidevu umenyolewa na mwingine una povu.

"Ngalula! Banapatana!"

"Nani anapatana?"

"Taa na Jembe! Banasaini! Redio inasema bamama ba bama-parti yote batatembea pamoja huit mars, ku ville, kuonyesha bantu amani!"

Ngalula alikaa chini, sufuria ya chai mkononi. "Mungu wangu," alisema. "Banasaini bila kuniuliza."

Lubumbashi ilifurahi. Mapadri walishukuru, wachungaji walishukuru, wenye baa walishukuru kuliko wote. Nadhani alikuwa mtu mmoja tu mjini aliyepiga magoti kuomba amani ivunjike, na aliomba kwa bidii, Mprotestanti yule, mwimbaji wa kwaya. Wala si kwamba aliomba jambo gumu. Mapatano yote aliyowahi kuyasikia redioni yalivunjika kabla chai haijapoa. Haya yalishika.

Alijaribu kumwambia Constance. Mkesha wa siku yenyewe alimsogelea. Constance alikuwa akijipima blauzi mpya ya buluu juu ya nguo zake, viti vya manjano vimempanda mpaka mabegani, na alikuwa na furaha kama bibi arusi.

"Yaya, kuko kintu..."

"Sema."

Ngalula alimwangalia. "Kesho uvae viatu ya chini," alisema. "Kuko kutembea mingi."

Kesho yake alijibanza barabarani mjini, nyuma ya muuza maji, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Walipita walimu, walipita wauguzi. Wakaja Taa, Chancelvie mbele, mto wa buluu wenye viti, wakiimba Kiti Inashika. Nyuma yao wakaja wanawake wa kanisa moja. Na nyuma ya hao, kwenye kona, likatokea jembe kubwa la mbao limebebwa juu, na chini yake mto mwingine wa buluu. Viti vile vile. Mizizi ile ile. Nao wakiimba kwa nguvu zote Kiti Haiko Kitanda.

Watazamaji walitazama kule, wakatazama huku. Kisha mtu mmoja akacheka, na barabara nzima ikafuata.

Kwenye jukwaa la wakubwa walikuwa hawasikii nyimbo vizuri, kelele zilikuwa nyingi. Wao waliona rangi tu. Mshika kipaza sauti alisimama juu ya vidole. "Angalieni! Bamama ba Taa na bamama ba Jembe, kitenge moja! Bamama banapatana mbele ya banaume! Njo unité, njo umoja!" Wakubwa wote walisimama wakapiga makofi, na wageni wawili weupe wenye miwani ya jua wakapiga picha.

Sasa ungefanya nini, wewe mwanamke wa Jembe? Huwezi kuvua nguo barabarani. Walipita mbele ya jukwaa wamenuna, wakipigiwa makofi. Constance ndiye aliyeshika bango. Ngalula alimtazama kutoka nyuma ya mitungi, akitegemea kuona hasira, maana hasira angeijibu. Hakuiona. Aliona uso wa rafiki yake ukizeeka pale pale barabarani, hatua kwa hatua, na hapo kicheko kilichokuwa kimemjaa kooni, maana na yeye kilikuwa kimemjaa, kikakauka.

Kesho yake wa kwanza kufika mezani alikuwa Chancelvie. Ngalula aliinua mikono kujikinga. Lakini Chancelvie alikuja kumkumbatia. Mkubwa mmoja alikuwa amemshika mkono na kumuuliza wazo la kitenge kimoja lilitoka kwa nani, na yeye, mwanasiasa, alijibu bila kupepesa macho kwamba lilitoka kwake.

Kwa Jembe mambo hayakwenda hivyo. Kule Katuba maneno yalianza chini chini, kisha yakapanda. Kwamba Constance ameuza chama. Kwamba yule Mkasai wake wa sokoni ndiye aliyemtuma. "Bakasai banamukula kichwa," walisema. "Anakula nabo, analala nabo, leo anatuvalisha sawa bo."

Neno hilo mjini kwetu si neno la kuchezea. Miaka ile mibaya ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa makwao na kulala stesheni wakingoja treni wiki kwa wiki, Ngalula alikuwa msichana, na hakulala stesheni. Yeye, wazazi na wadogo zake walilala chumbani kwa Constance, nyuma ya mashuka yaliyotundikwa, na yule baba wa reli alikaa mlangoni na kuwaambia waliouliza kwamba humu kuna watu wake tu. Habari hiyo wawili hawa hawakuizungumza kamwe. Haikuwa ya kupewa jina.

Constance hakumfokea Ngalula. Alivaa.

Siku ya kwanza alikuja amejifunga Drone ya Wifi. Ngalula alielewa: nakuona. Siku ya pili, Ushuru ya Amerika: hueleweki, unabadilika kila ukiloweshwa. Siku ya tatu alikuja na cheusi chenye milango ya kijivu, ambacho Ngalula mwenyewe alikibatiza Ambassade Inafungwa, mwaka ule mataifa mawili makubwa yalipofukuziana mabalozi. Majina yote alikuwa ameyatoa yeye, kwa ulimi wake, akichekewa na mwanamke huyu huyu. Sasa yalikuwa yakimrudia moja moja, yamefungwa kiunoni vizuri kabisa.

Na vikwazo vikafuata. Mteja wa Ngalula akigeuka kuomba uzi, Constance alitikisa kichwa: hakuna. Uzi ulikuwepo, ulikuwa umepangwa pale mbele kwa rangi. Mteja alilazimika kwenda hadi mwisho wa soko kutafuta uzi, na akifika huko anakuta na kitenge. Baada ya wiki mbili Ngalula alijua maana ya sankisyo kuliko mtangazaji yeyote wa redio. Alijaribu diplomasia. Alivaa kitenge cha mikono iliyoshikana alichokuwa amekiita Dialogue, akapita mbele ya meza ya jirani mara tatu. Constance alikuwa akihesabu vifungo.

Lakini si biashara iliyomuuma. Alikuwa akisikia habari redioni, jina linakuja lenyewe, zuri, lenye meno, anageuka kulisema, na hakuna wa kumwambia. Alianza kuzima redio. Papa Ephraïm alidhani mkewe ni mgonjwa.

Kisha akasikia kwamba Jumamosi akina mama wa Jembe watakutana Katuba kumvua Constance cheo. Hakulala vizuri tena. Jumamosi alifunga meza mapema, akavaa gauni lisilo na jina lolote, akaenda.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uani kwa rais wao, Mama Mapalo, mwanamke mkavu mwenye sauti ya kukwaruza. Constance alikuwa mbele, peke yake kwenye benchi. Ngalula alipoingia getini, mazungumzo yalikatika.

"Weye!" alisema Mama Mapalo. "Unakuya kutupimia ingine?"

Wengine walicheka, si vizuri. Mmoja alitoa lile neno la Bakasai. Alizoea kusema mbele ya watu wanaotaka kununua. Hawa hawakutaka kitu chake.

"Bamama, minakuya kusema kintu moja, kisha mutanifukuza," alianza. "Yaya Constance hajue kintu. Aliniuliza kama niliuzisha hii kitenge kwa bantu ba Taa. Mi nilimujibia: hii jina sijaisema kwa muntu. Aliniuliza kitenge, mi nikamujibia jina. Munaona? Nilimudanganya na kweli."

"Na kwa Taa uliiita namna gani?" aliuliza mmoja.

Ngalula alilitaja. "Kiti Inashika."

Kelele zilipanda. Alisubiri. "Mudomo ilikuwa inaniwasha, na balo ilikuwa inakala," alisema. "Haiko sababu ya Kasai, haiko sababu ya Taa. Ni miye. Na kama mutamutoa Yaya ku kazi juu yangu, mi sitasimama tena pembeni ya meza yake, sababu nitakufa na haya. Ile ingine yenye inabakia mu balo nitaichoma hapa mbele yenu."

"Ichome!" alipiga kelele mmoja.

"Eh, hapana!" mwingine alidakia. "Mi nilikwisha kushonesha, na inanikalaka muzuri!"

Hapo hata Mama Mapalo alifunika mdomo. Maana ukweli ni kwamba kile kitenge kilikuwa kinawapendeza wote, na nusu yao walikuwa wamekivaa siku hiyo hiyo. Alipopata tena uso wa rais alimgeukia Constance.

"Constance, huyu iko muntu yako. Umuhukumu weye."

Constance alikitazama kitenge cha yule aliyekaa karibu, kuanzia kiti hadi mizizi. Ngalula hakuthubutu kumtazama. Alitazama viatu vyake mwenyewe na kusubiri.

"Miaka yote huyu anatiaka bitenge majina," Constance alisema mwishowe, taratibu. "Hajaombaka muntu ruhusa. Basi leo mi njo nitatia. Hii ya kiti, kuanzia leo, haiko Kiti Inashika, haiko Kiti Haiko Kitanda. Inaitwa Mudomo ya Ngalula. Juu inakala sawa muntu ya heshima. Chini, angalieni, inatambaa pande zote."

Vigelegele vilivyotoka uani pale vilisikika hadi barabarani, na jina linalopokewa kwa vigelegele haliondoki tena, hata serikali haiwezi. Constance aliinua kidole. Hakuwa amemaliza.

"Na yenye inabakia utauzisha na ile jina. Utaita kwa sauti."

Habari ya kumvua cheo hakuna aliyeikumbuka tena siku hiyo.

Jumatatu Ngalula alifika sokoni akitumaini kwamba habari haijavuka kutoka Katuba. Ilikuwa imefika kabla yake. Wanawake walikuwa wamesimama mezani pake, wa Jembe, wa Taa, na wasio na chama, na kila mmoja anauliza Mudomo iko wapi. Alilikunjua fungu la mwisho. Akakohoa.

"Mudomo ya Ngalula," alisema kwa sauti ya mtu anayeungama.

Kutoka meza ya jirani ilikuja sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu tarehe nane. "Sisikie."

"Mudomo ya Ngalula!"

"Ata bale ba nyanya habasikie."

Ngalula alifumba macho, akajaza kifua, akaita kama anavyoimba kwaya siku ya Pasaka, "Mudomo ya Ngalula, bamama! Mukuye! Inabakia kidogo!" Soko zima likamjibu kwa kicheko, na vitenge vikaanza kuondoka mikononi mwake.

Ndipo gari likaegeshwa tena mbele ya nyanya. Madame Chancelvie alishuka, uso umekunjwa.

"Mama Ngalula, bananiambia kitenge yangu inabadirika jina. Hii Mudomo ya Ngalula njo nini?"

Majibu matatu mazuri yalimjia Ngalula papo hapo, yote laini, yote ya kweli kwa namna fulani. Aliufungua mdomo. Kisha aliona kwamba kwenye meza ya jirani mikono imeacha kupanga nyuzi.

"Présidente, njo miye," alisema. "Nilikuuzishia na jina moja, nikauzishia bamama ba Jembe na jina ingine. Kitenge moja. Nilibadanganya wote."

Chancelvie alimkodolea macho. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama juu ya meza mpaka manukato yake yakaficha harufu ya samaki wa soko zima.

"Musiseme kwa bakubwa," alinong'ona. "Banazania ilikuwa idée yangu." Akachukua vitenge viwili vya Mudomo, akavikunja vidogo ndani ya mkoba, akaondoka haraka.

Constance alianza kucheka kwa mabega. Halafu tumbo, halafu meza ikatikisika, vifungo vikadondoka chini na hakuviokota. Ngalula hakucheka. Alikuwa ameshika kingo za meza yake na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya wateja.

"Kumbe unajuaka kusema kweli," Constance alisema alipopata pumzi. "Inakuuma wapi, fasi gani?"

"Fasi yote, Yaya."